Msikiti wa Kongo na Kaya ya Kinondo: Mlinzi ni Nani?

Mwezi wa Julai mwaka 2024, Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikutana mjini New Delhi, India, na miongoni mwa mambo iliyoyakata ni kuuingiza mji wa kale wa Gede katika orodha yake. Sisi watu wa pwani tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Mji wa Lamu ulikwisha kuingia katika orodha hiyo mwaka 2001, misitu ya kaya za Wamijikenda mwaka 2008, na Fort Jesus ya Mombasa mwaka 2011. Gede imekuwa ya nne.

Habari hiyo ilipotufikia huku kusini ilizua ubishi. Nilikuwa nimeketi barazani na wenzangu pale Ukunda, baada ya sala ya Alasiri, kahawa inazunguka. Mmoja wetu akauliza: "Na msikiti wetu wa Kongo je? Gede ni magofu, na imepewa heshima ya dunia nzima. Kongo watu wanasali mpaka leo, mbona hautajwi?" Hajamaliza, mwingine akamdakia: "Sisi Kinondo yetu imo katika orodha hiyo tangu mwaka 2008. Hebu niambieni, orodha hiyo imezuia kiwanja gani kisiuzwe?" Adhana ya Magharibi ilitukuta bado tunavutana.

Ndugu msomaji, swali lile sikuweza kulilala. Katika majuma yaliyofuata nilikwenda sehemu zote mbili, Kongo na Kinondo. Mimi si mgeni huku, lakini mwenyeji naye ana kasoro yake: hupita mahali kila siku asipatazame. Safari hii nilikwenda kutazama na kuuliza. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyorudi nayo.

KONGO, MSIKITI ULIO HAI

Kwa asiyepajua, Kongo ninayoitaja ni mahali palipo mwisho wa ufuo wa Diani upande wa kaskazini, pale mto Mwachema unapoingia baharini. Ng'ambo ya pili ya mto ni Tiwi. Mibuyu mikubwa imepazunguka, na chini ya kivuli chake umesimama msikiti mdogo wa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye kuta nene na dari iliyopinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Wataalamu wa mambo ya kale huuweka katika karne ya 14 au ya 15. Vitabu vya watalii hupenda kuuita Msikiti wa Waajemi, lakini wachimbaji wa historia wa siku hizi wanakubaliana kwamba miji ya pwani hii ilijengwa na wenyeji wake, watu waliofanya biashara na kuoana na Waarabu, Waajemi na Wahindi, wakapokea Uislamu na kuufanya wao.

Nilifika siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri. Mlangoni palikuwa na viatu vya wavuvi, vya waendesha bodaboda, vya wafanyakazi wa mahoteli waliopewa ruhusa ya saa moja, na vya watoto wa chuoni. Hapakuwa na tikiti wala kibanda cha kuuza picha. Mzee mmoja alikuwa akifagia majani ya mibuyu uani. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaniitikia, na nikamwuliza ni nani aliyempa kazi ile. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. Akaniambia kwamba babake alikuwa akifagia pale, naye hakumbuki kama aliwahi kuambiwa na mtu ashike ufagio.

Neno hilo nililibeba moyoni. Tazama hali ya ndugu zake msikiti huu. Gede ilihamwa na watu wake kiasi cha karne ya 17, ikamezwa na mwitu. Serikali ya kikoloni ikaifanya mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1927, na tangu mwaka 1948 mtaalamu Mwingereza James Kirkman akaichimba na kuisafisha. Leo ina lango, mlinzi na kiingilio, na ni jambo jema kuwa navyo, kwani pasipo hivyo yale mawe yangekwisha kuchukuliwa. Huku kwetu kusini ulikuwako mji wa Vumba Kuu, karibu na mpaka wa Tanzania, mji uliotawaliwa na madiwani wenye siwa na ngoma zao za enzi. Wavumba waliuhama wakatawanyika Wasini na Vanga, na mji wenyewe ukabaki magofu kichakani.

Kongo haikuwa na mawe bora kuliko ya Gede au ya Vumba. Chokaa ni ile ile, na chumvi ya bahari inaila kuta za Kongo kama inavyozila nyingine. Tofauti ni kwamba Kongo ina watu wenye haja nayo mpaka leo. Ufa ukitokea, aliyeuona ni mtu anayetaka kusali pale kesho, kwa hiyo hutafuta chokaa. Ukarabati wa msikiti huu umefanywa mara nyingi na mikono mingi, na kwa mtaalamu wa mambo ya kale huenda baadhi ya ukarabati huo ukawa ni makosa, lakini ndio uliouweka msikiti juu ya misingi yake.

KAZI YA SIKUKUU

Mtu asidhani kwamba sala tano peke yake ndizo zinazoshika mahali. Kuna sikukuu pia. Mfunguo Sita unapoingia, vijiji vyetu kuanzia Waa hadi Vanga husoma Maulidi, zamu kwa zamu, ili watu wa kijiji hiki waweze kuhudhuria kwa wenzao na wenzao wahudhurie kwao. Tunaziona kanzu nyeupe, tunazisikia kasida na matwari, tunakula pilau. Lakini nyuma ya pilau iko hesabu. Mchele ni wa nani, kuni ni za nani, nani ametoa mbuzi, nani atalaza wageni, ni nani mwaka huu hakuchanga na kwa sababu gani. Sikukuu ndiyo siku ambayo mji hujihesabu.

Hapo zamani ilikuwako sikukuu nyingine iliyofanya kazi hiyo kwa uwazi zaidi. Katika miji mingi ya Waswahili, Siku ya Mwaka ilikuwa siku ya kumzungusha ng'ombe mji mzima, wanazuoni wakifuata nyuma wanasoma Qur'ani na dua, kisha ng'ombe akachinjwa na nyama ikagawiwa. Makunduchi, Unguja, watu bado huuoga mwaka kila Julai. Wako masheikh wanaoiona mila hiyo kuwa ni uzushi, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachotaka msomaji akitazame ni njia aliyopitishwa yule ng'ombe. Alipitishwa mpakani. Mtoto aliyefuata msafara ule kwa miaka kumi alikuwa ameujua mpaka wa mji wake kwa nyayo zake, bila ramani na bila mpima ardhi. Tulipoiacha desturi hiyo hatukuweka nyingine mahali pake ya kuwafundisha watoto mipaka. Leo mipaka inajulikana na wenye karatasi peke yao.

KAYA NI MJI

Kutoka Kongo nilishuka kusini, nikaupita mstari wa mahoteli ya Diani na Galu hadi Kinondo. Pale, karibu na bahari, kuna msitu wa hekta 30 hivi. Kwa Wadigo, kaya ni nyumbani, ni mji. Masimulizi ya wazee yasema kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, na kwamba Wadigo walikuwa wa kwanza kuondoka, wakaja kukaa huku kusini. Walijenga miji yao katikati ya misitu minene ili adui asiwafikie, wakazika humo fingo la kuilinda, wakawa na mahali pa wazee pa kukutana na kuamua mambo. Amani ilipopatikana watu wakatoka kulima mashamba, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa. Yaliyobaki ndani ni makaburi, nyayo za mji, na miti iliyokatazwa kukatwa.

Desturi za Kinondo ni rahisi kuzieleza. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Hakumbatii wala habusu mtu humo ndani. Hachukui kitu kutoka nacho, hata kijiti kilichoanguka chenyewe. Amri hiyo ya kijiti ndiyo iliyouhifadhi msitu kuliko sheria yoyote iliyoandikwa. Kote kandokando miti imekwisha kuwa kuni, makaa na boriti, na mbega wanavuka barabara ya lami wakitafuta tawi, lakini mle ndani miti mikubwa ingaliko. Tangu mapema miaka ya 2000 wanakijiji wamekuwa wakiwatembeza watalii kwa ada, na fedha hizo husaidia mahitaji ya kijiji.

Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa mwaka 1992, na mwaka huo huo Makumbusho ya Taifa ikaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Ndipo mwaka 2008 UNESCO ikaorodhesha misitu 10, iliyoenea kiasi cha kilomita 200 za pwani, Kinondo ikiwemo. Mwaka uliofuata, 2009, mila za kaya zenyewe ziliwekwa katika orodha nyingine ya UNESCO, ile ya mila zinazohitaji kuokolewa haraka. Tafakari hilo, msomaji. Miti ilipewa sifa, na mwaka mmoja baadaye ikaonekana kwamba watu wenye elimu ya miti hiyo ndio wanaopungua.

JE, NI SHIRKI?

Hapa najua baadhi ya wasomaji wangu wamekunja uso. Mwislamu anaandikaje kwa kuisifu kaya? Si mahali pa mizimu na matambiko? Nilikutana na ustadhi mmoja kijana aliyeniambia wazi kwamba lingekuwa jambo bora msitu ule ufyekwe, yaishe.

Suala hili halifai kukwepwa, kwa sababu linatuhusu sisi hasa. Wadigo walio wengi ni Waislamu. Uislamu ulienea kwao hasa kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na wazee wa kaya wa leo wengi wao ni watu wa msikitini. Mzee aliyenitembeza Kinondo siku ya Alhamisi niliswali naye Ijumaa safu moja. Basi ugomvi huu hauko kati ya Waislamu na watu wengine. Uko ndani ya nyumba moja, mara nyingine kati ya baba na mwanawe.

Rai yangu ni hii, na wanazuoni watanisahihisha. Kuomba ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na lililo kinyume cha hapo kila Mwislamu anajua hukumu yake. Lakini kuomba ni jambo moja, na kuacha mti usikatwe ni jambo jingine. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuharimisha mji wa Madina, akakataza miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Aliitenga pia ardhi ya Naqi' iwe malisho yaliyohifadhiwa. Kwa hiyo ardhi iliyozuiwa isiguswe kwa manufaa ya watu wote si jambo geni katika dini yetu. Yule ustadhi akitaka kuwafundisha watu tauhidi, na awafundishe, ndiyo kazi yake. Lakini shoka halifundishi tauhidi. Msitu ukifyekwa, atakayesimama mahali pake hatakuwa muadhini. Atakuwa mwenye hoteli.

Wala sisemi hayo kwa dhana tu. Kisiwa cha Chale, kusini kidogo ya Kinondo, wazee wa Kidigo walikihesabu kuwa ni kaya. Katika miaka ya 1990 ilijengwa hoteli juu ya sehemu yake, wazee wakalalamika na hoteli ikabaki. Kwa upande mwingine tazama mlima wa Mrima, bara ya Msambweni, ambao nao ni msitu wa heshima wa Wadigo na chini yake kuna madini adimu yanayotafutwa na dunia nzima kwa ajili ya mitambo ya kisasa. Kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba mwaka 2013, na mwaka huo huo Waziri wa Madini, Bw. Najib Balala, akaifuta. Kampuni ikaipeleka Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa. Miongoni mwa yaliyoangaliwa ni kwamba Mrima ulikuwa umelindwa kisheria tangu awali, kama msitu wa hifadhi na kama kumbukumbu ya taifa. Karatasi ilikuwapo, na karatasi ikasaidia. Hata hivyo madini bado yako chini, na dunia haijaacha kuyatamani.

FUNZO KUTOKA NEPAL

Naomba ruhusa ya kumchukua msomaji mbali kidogo, kisha nitamrudisha Kwale. Katika bonde la Kathmandu, nchini Nepal, wanaishi watu waitwao Wanewari. Miji yao mikongwe, kama vile Patan na Bhaktapur, imejaa mahekalu ya matofali na mbao za kuchonga, na kila mwaka huvuta magari makubwa ya miungu yao barabarani kwa kamba. Baadhi yao ni Wahindu na baadhi ni Mabudha, na sikukuu nyingi huziadhimisha pamoja. Dini yao si yetu. Nautaja utaratibu wao tu.

Wanewari wana vyama viitwavyo guthi. Zamani mtu alitenga shamba, akasema kwamba mapato ya shamba hili ni ya taa za hekalu fulani, au ya kutengeneza paa lake, au ya karamu ya sikukuu fulani. Watu wa guthi hiyo hulisimamia shamba na kuutimiza wajibu, na baba akifa mwanawe hushika zamu. Ndiyo maana tetemeko kubwa la mwezi wa Aprili 2015 lilipoangusha mahekalu na kuua watu karibu 9,000 nchini humo, walikuwako watu waliojua kila hekalu ni jukumu la nani. Bonde hilo lilikuwa katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 1979. Orodha haizuii tetemeko.

Mwaka 2019 serikali ya Nepal ilileta mswada wa kuziweka guthi chini ya mamlaka moja ya serikali. Maelfu ya watu waliingia barabarani mjini Kathmandu kuupinga, na mwezi wa Juni mwaka huo mswada ukaondolewa. Watu wale walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: anayeshika shamba la sikukuu ameishika sikukuu yenyewe.

Msomaji Mwislamu atakuwa amekwisha kutabasamu. Jambo hili tunalo, tena tulilipata kwa njia bora. Sayyidna Umar bin Khattab alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume kumtaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na kuyatoa matunda yake sadaka. Umar akaiweka hivyo: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na mapato yake ni ya maskini na wasafiri na wengineo. Huo ndio wakfu. Wazee wetu wa pwani waliweka wakfu minazi, visima, nyumba na mashamba kwa ajili ya misikiti na vyuo.

KARATASI NA WATU

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Aliyekuja na dai lake likathibitika, alipewa hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Wengi wa Wadigo hawakudai, kwani kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na ya kaya, na hakuna mtu aendaye ofisini kudai nyumba ya babu yake. Kutoka hapo ndipo lilipoanza balaa la watu kuitwa maskwota katika vijiji walivyozaliwa. Kutoka hapo pia ufuo ukawa viwanja.

Nikiwa katika uchunguzi wangu nilijaribu kufika baharini kwa njia niliyoipita utotoni, kati ya kuta mbili za mahoteli. Mlinzi wa hoteli moja, kijana wa kwetu, aliniambia kwa adabu, "Samahani mzee, njia hii imefungwa." Nikamwuliza tangu lini. Hakujua. Katika kijiji kingine, ambacho sitakitaja, niliuliza lilipo shamba la minazi lililokuwa wakfu wa msikiti. Nikaambiwa aliyelijua ni marehemu fulani, na tangu afariki hakuna awezaye kuonyesha mpaka. Msikiti upo, watu wanasali, lakini taa zake sasa ni za kuchangishana kila mwezi.

Haya hayakosi dawa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 63, inaihesabu ardhi inayotumiwa na jamii kama mahali pao patakatifu kuwa ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imeweka njia ya kuiandikisha. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mahali palipotangazwa. Kwa upande wa misikiti ipo sheria ya wakfu, na iko afisi ya kuisimamia. Upungufu wetu ni kwamba karatasi ziko upande mmoja na watu upande wa pili. Mwenye kujua mpaka hana hati, na mwenye hati hana haja na mpaka.

Na wakati si rafiki yetu. Barabara ya Dongo Kundu sasa inamtoa mtu Mombasa bara hadi kusini bila kusubiri kivuko cha Likoni. Ni neema kwa mgonjwa na kwa mfanyabiashara, na sitailaani. Lakini kila mtu wa pwani anajua kwamba njia ikifupika, kiwanja hupanda bei, na mnunuzi huja kabla ya mpima ardhi wa kijiji.

Basi ninayo mapendekezo mawili, na yote hayahitaji fedha za wafadhili. La kwanza, Mfunguo Sita ujao, katika kila msikiti wa Kwale, kabla ya dua ya kufunga Maulidi, isomwe hadharani orodha ya mali ya wakfu ya msikiti huo: shamba gani, kisima gani, limewekwa na nani, mpaka wake unaanzia mti gani na kuishia jiwe gani. Penye shaka, wazee waitwe wakiwa bado hai, yaandikwe wasemayo, na karatasi ipelekwe kwenye afisi ya wakfu. Msikiti usio na wakfu usomwe hivyo hivyo, ili mwenye uwezo apate hamu ya kuuwekea.

La pili, wazee wa kaya, mara moja kwa mwaka, wawachukue watoto wa shule za jirani wautembee mpaka wa kaya mwanzo mpaka mwisho. Wasiingie ndani, na pasiwe na tambiko ikiwa ndilo linalowakera wazazi. Watembee mpaka tu, kama zamani ng'ombe alivyopitishwa mpaka wa mji. Mtoto huyo akija kuwa karani wa ardhi, au mlinzi wa hoteli, atajua njia ilifungwa lini.

Juzi nilirudi barazani Ukunda nikawaeleza wenzangu. Yule wa kwanza bado anataka msikiti wa Kongo uingie katika orodha ya dunia, nami simkatazi, kwani sifa haina ubaya. Nilimwuliza jambo moja tu: yule mzee wa ufagio akitutangulia mbele ya haki, nani kati ya wanawe au wanawe sisi atakayefagia yale majani? Hakunijibu. Lakini Ijumaa iliyofuata nilimwona Kongo, amekuja na mjukuu wake, na mtoto ameshika ufagio mrefu kuliko yeye.